Tulifunga Kamba

Kitu cha kwanza alichokiona binti ni kwamba ofisa hakuligusa furushi.

Miaka yote, maofisa wa forodha walipowasimamisha, mkono ulikwenda kwenye furushi kwanza. Walifungua fundo, wakachomeka ufito wa chuma katikati ya mashati yaliyopigwa pasi, wakatafuta sigara, wakatafuta simu, wakaacha makunyanzi na alama ya kutu. Mama yake alikuwa akiwaambia, "Chomekeni taratibu, wanangu, hilo shati ni la mpishi, ana roho nyepesi." Nao walicheka. Lakini siku hiyo ofisa aliinama kutoka kwenye boti ya doria, akalipita furushi kwa macho kana kwamba halipo, akaitazama kamba iliyokuwa mapajani mwa binti. Aliitazama kutoka ncha moja mpaka nyingine.

"Hii ni ya nini?"

Binti akamgeukia mama yake. Ndivyo alivyozoea kujibu watu.

"Ni kamba," mama akasema. "Ya nini tena, baba? Ya kuanikia meli?"

Hakuna aliyecheka.

Mama yake alikuwa dobi wa meli. Kule nje, ambako meli kubwa hutia nanga zikingoja zamu ya kuingia gatini, mabaharia hukaa majuma kwa majuma, wakachakaa pamoja na nguo zao. Mama alikwenda kwa mashua yenye injini ndogo, akachukua nguo chafu, akazirudisha safi, zimekunjwa, kila kola imeshonwa uzi wa rangi kwa ndani ili nguo ya mtu isipotelee kwa mwenzake. Meli hii uzi mwekundu, ile uzi wa kijani. Mabaharia walimwita Mama Povu. Yeye naye alizipa meli majina yake mwenyewe, maana yale yaliyoandikwa ubavuni yalimshinda kutamka. Alikuwa akisema kila nchi ina bendera yake, lakini soksi zote zinanuka lugha moja.

Binti alimsaidia tangu alipoacha shule darasa la tano, mwaka ambao baba yake alifariki. Hakuwa mtu wa maneno. Mtaani walimwita Kimya, na mama alimtetea kwa namna yake: "Huyu nyumba ikiungua ataomba radhi kwanza, ndipo apige kelele."

Kazi ile ilikuwa na adabu yake, na mama alimfundisha adabu kabla ya kumfundisha sabuni. Kulikuwa na watu walioelea mbali kidogo na meli, injini wameizima, wanajifanya wanatazama hali ya hewa, mpaka kitu kitupwe majini wakiokote. Hao walikuwa wezi, au jamaa za wezi. Dobi alikwenda mchana. Alisogea mpaka ubavuni, akapiga hodi kwa kasia kwenye chuma, akafunga kamba mahali ambapo kila mwenye macho anamwona. "Funga kamba, mwanangu," mama alisema kila safari, hata baada ya miaka yote ile. "Sisi hatueleielei." Binti alikifahamu kile kifundo kuliko alivyofahamu kuandika jina lake.

Siku ile walikuwa wamekwenda mbali. Meli waliyoiita Tumbo Jekundu, kwa ajili ya rangi iliyobanduka chini yake, ilikuwa imetia nanga nje ya zote. "Amejitenga huko kama mke mwenza aliyenuna," mama alisema. Njiani waliipita meli ya kijivu. Boti tatu za mwendo kasi zilikuwa zimeizunguka, hazijafungwa popote, na makatoni yalikuwa yakiteremshwa kwa wavu. Mtu mmoja aliwakazia macho.

"Tazama mbele," mama akasema.

Binti alitazama mbele. Lakini walipofika Tumbo Jekundu aligeuka mara moja, akaiona meli ya kijivu huko nyuma, kati yao na nchi kavu, ndogo kama kiberiti.

Alifunga kamba. Mama alikuwa ndiyo kwanza amepiga hodi, furushi safi bado liko miguuni, boti ya doria ikaja mbio. Wimbi lake liliwainua na kuwabamiza kwenye chuma. "Fungua, fungua, tutapasuka," mama akasema, na binti akafungua, akaikusanya kamba mapajani. Hivyo ndivyo walivyokutwa.

"Mama, mnajua mko wapi?" ofisa aliuliza sasa. Alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, amevaa darubini kifuani. Gatini walimwita Darubini, na yeye alijua.

"Kwa Tumbo Jekundu."

"Mko ndani ya eneo la forodha."

"Eneo la forodha mwisho wake ni boya," mama akasema, akionyesha nyuma kwa kidole gumba. "Tangu enzi za marehemu mume wangu."

"Lilikuwa. Limesogezwa."

"Lini?"

"Tangazo limetoka kwenye Gazeti la Serikali. Nakala imebandikwa ofisini kwetu, ndani ya lango."

"Ndani ya lango tunafukuzwa, baba. Wewe mwenyewe umeshanifukuza."

"Kutojua sheria hakumtoi mtu hatiani, mama."

Mama alitazama maji kushoto, akatazama kulia. Maji yalikuwa maji. Boya lilikuwa palepale pa zamani, likitikisika kama kawaida.

"Basi nionyeshe huo mstari, nisogee."

Darubini akanyoosha mkono, akauzungusha baharini kote, kama mtu anayemwonyesha mgeni shamba lake.

"Huko," akasema.

Baadaye, kwenye benchi la kituo, kijana mmoja wa forodha aliwaeleza kwa huruma. Zamani mtu akiifikia meli nje ya boya, hiyo ilikuwa habari yake na Mungu wake. Alikaguliwa akitua. Sasa serikali imepanua eneo, kwa ajili ya sigara za magendo, zimezidi. Ndani ya eneo jipya, chombo chochote kinachojifunga kwenye meli bila kibali kinahesabiwa cha magendo, hata kikiwa kitupu. Na chombo chenyewe kinataifishwa.

"Kibali kinatolewa wapi?" mama akauliza.

"Kwa makampuni, mama."

Binti aliambiwa aende nyumbani. Mama akabaki.

*

Mahakamani, asubuhi ile, kesi ya kwanza ilikuwa ya meli ya kijivu.

Binti alikaa benchi la nyuma pamoja na Mama Vifungo, dobi mwenzao, ambaye alikuwa amefunga mashua yake mtini tangu habari ile imfikie. Mama Vifungo alikuwa ameshamwonya kwenye korido. "Wakikuita, jibu ulichoulizwa. Usiongeze chumvi wala maji."

Kumbe doria ya siku ile ilikuwa imetoka kwa ajili ya meli ya kijivu. Mama alizolewa pamoja nayo, kama takataka inayonasa kwenye wavu wa samaki.

Wakili wa mwenye meli alikuwa na viatu visivyo na vumbi. Alifungua ramani ya bahari juu ya meza, ramani kubwa kama shuka, ikawa inajikunja. Karani akaleta glasi ya maji akaiweka kona moja. Wakili akaweka saa yake kona ya pili. Hakimu mwenyewe akatoa kasha la miwani yake kushikilia kona ya tatu, na mwendesha mashtaka akashikilia ya nne kwa kiganja. Wote wanne waliinama juu ya bahari ile kimyakimya, kama watu wanaotazama mtoto aliyelala.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "tangazo linatuambia umbali. Hatubishani juu ya umbali. Swali ni moja: unapimwa kutoka wapi? Wenzetu wamepima kutoka kwenye mwamba huu wenye taa. Lakini mwamba huu maji yakijaa unafunikwa. Kitu kinachofunikwa na maji si nchi kavu. Na sheria inasema tupime kutoka nchi kavu."

"Taa haifunikwi," mwendesha mashtaka akasema.

"Taa si nchi, ndugu yangu. Taa ni taa."

Watu wakacheka kidogo. Hakimu akavaa miwani, akavua.

"Tukipima kutoka ufukweni?"

Wakili akatoa chombo cha kupimia chenye miguu miwili, akakitembeza juu ya ramani kwa madaha. Mguu wa mwisho ukatua. "Mstari unarudi hapa. Meli ya mteja wangu ilikuwa hapa." Kati ya hapa na hapa palikuwa na nafasi inayotosha ukucha. "Nje, mheshimiwa. Sigara zilikuwa kwenye maji ambayo forodha hawana mkono nayo."

Hakimu alikubali. Alisema mpaka wa serikali hauwezi kuwa wa kukisia. Kumtia mtu hatiani kwa mstari ambao haukupimwa sawasawa ni kumwonea. Alilisema vizuri sana. Binti alilipenda neno hilo, akalishika moyoni, akiamini litafika mpaka kwa mama yake.

Wakili alichukua saa yake. Karani akachukua glasi. Ramani ikajikunja yenyewe, na wakati mama anapandishwa kizimbani ilikuwa tayari imefungwa mpira, imewekwa chini ya meza.

Mama alikuwa amevaa gauni lilelile alilokamatwa nalo. Alikuwa amelifua huko alikokuwa. Binti aliliona kwa mikunjo. Hakuwa na wakili.

Mwendesha mashtaka alisoma shitaka kwa sauti ya mtu anayesoma bei za mboga: kuifikia meli na kujifunga ubavuni mwake, ndani ya eneo la forodha, bila kibali. Darubini akatoa ushahidi. Binti alitaka kumchukia, lakini mtu yule alisema kile alichokiona tu.

"Tuliwakuta karibu na meli. Kamba ilikuwa mapajani mwa binti."

"Ulishuhudia wamejifunga?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Tulipofika walikuwa wanaelea."

"Na mizigo?"

"Nguo safi. Za kupeleka."

"Hakuna kilichotoka melini?"

"Hatukukiona."

Hakimu akaandika, kisha akainua macho. Alionekana kama mtu anayetaka kumaliza jambo dogo kabla ya chakula. "Mshtakiwa, una la kusema?"

"Mwanangu alikuwepo," mama akasema. "Muulizeni yeye. Huyu hasemi uongo, mheshimiwa. Hata akitaka, hana maneno ya kuutungia."

Watu wakacheka tena, kicheko chema, na hata hakimu akatabasamu. Binti akaitwa. Alitembea akiitazama sakafu, akaapa kwa midomo tu.

"Usiogope, binti," hakimu akasema. "Mimi nakuuliza jambo moja. Ofisa amesema mashua yenu ilikuwa inaelea pale, karibu na meli. Mlikuwa mnaelea tu. Mlikuwa mnapita. Au siyo?"

Alilisema taratibu, akiwa ameegemea mbele. Ulikuwa mlango, na alikuwa ameufungua kwa mkono wake mwenyewe. Mama Vifungo kule nyuma aliuona, akashika kiti cha mbele yake. Lakini binti alisikia neno moja tu. Kuelea. Mbele ya watu wote, mtu mzima mwenye miwani alikuwa anamwita mama yake mmoja wa wale wanaoelea. Uso ulimwaka moto. Hakuwahi kumtetea mama yake kwa mtu yeyote. Siku zote yeye ndiye aliyetetewa.

"Hapana, mheshimiwa."

"Sema kwa sauti."

"Hatukuwa tunaelea. Tulifunga kamba." Na kwa kuwa lilikuwa limeshatoka, na kwa kuwa lilikuwa jambo jema, akaliongeza. "Mama hufunga kamba siku zote. Mchana, kila mtu anaona. Mimi ndiye niliyefunga."

Aligeuka kumtazama mama yake, kama mtoto aliyerudi na kikapu kilichojaa.

Mama alikuwa amefumba macho. Akayafumbua. Akamtazama mwanawe kwa muda, kisha akatikisa kichwa juu na chini.

"Ndivyo," akasema. "Alifunga yeye, kwa sababu mimi nilimwambia. Andikeni hivyo. Ni mimi niliyemwambia."

Mwendesha mashtaka, ambaye alikuwa amesimama kuuliza maswali yake, aliketi. Hakuwa na swali tena.

Hapo ndipo binti alipoiona ramani chini ya meza, na mpira wake. Jambo likamjia taratibu, kama maji yanavyopanda kwenye nguo iliyoguswa pindo. Meli ya kijivu waliipita. Waliipita wakaiacha nyuma, kati yao na nchi kavu. Kama ile ilikuwa nje ya mstari, basi wao walikuwa wapi?

Alifungua mdomo.

"Umemaliza, binti. Shuka," karani akasema.

Alikuwa ameulizwa jambo moja, na alikuwa amelijibu. Mtu akiambiwa ashuke hushuka. Alitafuta pa kuanzia. Mheshimiwa, samahani. Mheshimiwa, naomba. Maneno yalijipanga, yakasukumana, yakakwama pale yanapokwama siku zote, na miguu yake ikawa imeshafika benchi la nyuma.

Hakimu hakuuliza mstari unapimwa kutoka wapi. Alitaja faini, na akataja kifungo kwa mtu asiyeiweza faini, na kila mtu chumbani akajua mama ni wa lipi. Mashua na injini vikawa mali ya serikali.

*

Mara ya kwanza alipoenda kumwona, mama alimjia akicheka nyuma ya wavu. Walikuwa wamempa kazi ya kufua sare za askari jela. "Nimevuka bahari kwa miguu, mwanangu, kazi ni ileile. Ila hawa hawana hata jina la meli." Aliuliza kama binti anakula. Aliuliza kama wale wa uzi wa kijani walipata nguo zao. Binti alitaka kusema kile alichokuja nacho, akakuta mama anaongea ili yeye asiongee, na akamwachia.

Mara iliyofuata mama hakucheka. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya huko. Aliificha chini ya meza, lakini alisahau akajikuna shingo. Askari alikuwa ameshaanza kutazama saa.

"Nilikuwa nafikiri," mama akasema. Aliongea chini, akitazama pembeni. "Labda ningekufundisha tuelee tu, kama wengine."

Hakuna kitu mama yake alichowahi kusema, hata siku baba alipofariki, kilichomwuma binti namna ile.

Siku za kuona wafungwa baada ya hapo, alipofika, aliambiwa mama yake hataki kuja wavuni. Aliacha sabuni ya mche, akarudi.

*

Mabaharia hawakuacha kuchafuka. Kampuni moja ilipewa kibali cha kufua nguo za meli zote ndani ya eneo jipya, ikafungua chumba kirefu chenye mashine nyuma ya ghala, karibu na lango. Binti alipata kazi hapo kwa kuwa msimamizi alisikia anajua kazi na hana maneno. Aliikuta mashua yao imefungwa kwenye ngazi ya kampuni. Ilikuwa imenunuliwa mnadani, imepakwa rangi nyeupe, lakini kiraka alichokipiga baba yake kwenye pua kilikuwa kimetokeza chini ya rangi, kama goti chini ya shuka. Kila asubuhi iliondoka na furushi ikaenda kujifunga kwenye meli, na boti ya doria ilipoipita watu wa huku na wa huko walipungiana mikono. Watu wa mashua hawakujua kifundo. Walizungusha kamba ovyo, ikawa inafunguka njiani.

Kwenye nguo zilizokuja, mara mojamoja, alikuta kola yenye uzi wa mama yake. Hakuutoa. Zile zisizo na uzi akaziwekea yeye. Msimamizi alisema ni kupoteza wakati, kisha akaacha kusema, maana nguo hazikupotea tena.

Sare za maofisa wa forodha zilifuliwa bure. Ilikuwa sehemu ya ujirani mwema.

Darubini alikuja mwenyewe mchana mmoja kuchukua koti lake. Hakumkumbuka. Amkumbuke kwa lipi. Siku ile hakuwa ametazama uso, alitazama kamba. Alilipokea koti juu ya meza, akakagua vifungo, akageuza kola, kidole chake kikakuta uzi.

"Hii ni ya nini?"

Lilikuwa swali lilelile, na sauti ileile ya upole. Binti akageuka pembeni kama mtu anayetafuta wa kumjibia. Palikuwa na mashine tu, zinazunguka.

"Ni alama," akasema. "Kujua nguo ni ya nani. Isipotee."

"Unasemaje? Mashine zinapiga kelele, binti. Sema kwa sauti."

Msimamizi aliinua kichwa kule mwisho wa chumba. Darubini alikuwa ameshaanza kulikunja koti mkononi, anangoja kwa adabu, mguu mmoja umeelekea mlangoni. Binti aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Ile meli ya kijivu tuliipita," akasema kwa sauti. "Tulikuwa nje zaidi yake. Kama yenyewe ilikuwa nje ya mstari wenu, na mama yangu alikuwa nje. Ifungueni ramani."